Asali Iliyovunwa Kuelekea Mpofi

Sisi watu wa Kivu Mungu alitupa "ku" na "mu", akatuambia hizo zinatosha, tukaishi kwa amani. Niko ku soko, natoka ku soko, naenda ku soko, mutoto ameanguka ku soko: kila mtu anaelewa, na mtoto anaokotwa. Mwingereza hakuridhika. Akakaa chini akatengeneza "in" na "on" na "at" na "from" na "into" na "onto", kisha akawaweka watu mahali fulani penye kahawa na umeme usiokatika, kazi yao ikiwa ni kukagua kama sisi wengine tumeviweka vihusishi hivyo panapostahili.

Mmoja wa wakaguzi hao alinipata mimi. Jina lake silijui, maana majarida ya kisayansi huwaficha watu wa aina hiyo, na nadhani ni kwa usalama wao. Alijiita Msomaji wa Pili. Msomaji wa Kwanza alisema kazi ni nzuri, hongera, akaenda zake kama mtu mwenye adabu. Wa Pili alivuta kiti.

Mimi naitwa Solange. Nina duka la dawa za mifugo hapa Mweso, kwenye barabara ya Kitshanga, na watu wananiita Docta tangu siku nilipomdunga ng'ombe sindano na ng'ombe akapona. Chuo kikuu kina masharti magumu zaidi. Kinataka tasnifu, na tasnifu ninayo: nimeonyesha kwamba asali ya wale nyuki wadogo wasiouma, wanaokaa ndani ya mashina ya miti kule msituni Walikale, inaponya vidonda vya kwato za ng'ombe wa milima ya Masisi. Wawindaji wanajua hivyo. Wafugaji wanajua hivyo. Kilichobaki ni kumjulisha mzungu, kwa Kiingereza, ndani ya jarida, la sivyo hakuna soutenance, yaani kutetea tasnifu.

Profesa Esdras, anayenisimamia, alinitumia sauti kwenye simu. Yeye huwa anaongea kama mtu anayefunga mlango.

"Solange, hakuna article, hakuna soutenance. Mi naenda retraite mwisho wa mwaka, unajua. Mi nikisha kwenda, nani atakubali thèse ya asali na kwato? Batakuambia uanze upya na kitu ya kuku. Utakufa Docta wa boutique."

Nilijua hasemi uongo. Wale watakaobaki akishastaafu wanapenda kuku kupita kiasi. Miaka yote niliyoitumia kupanda moto, yaani pikipiki, kulala kwa watu, kunusa vidonda, ilikuwa inaning'inia kwa huyu Msomaji wa Pili, na huyu Msomaji wa Pili alikuwa ameandika hivi:

"Vihusishi vya waandishi hawa havieleweki. Wanasema asali ilivunwa 'around, beyond and towards Mpofi', yaani kuzunguka, kupita na kuelekea Mpofi. Je, ni ndani ya msitu, pembeni mwake, au angani? Wachague kihusishi kimoja na wataje mahali. Vilevile wanasema vidonda vilionekana kwa ng'ombe 'from those in front to those behind', tangu wale wa mbele mpaka wale wa nyuma. Kati ya ng'ombe wangapi? Bila majibu haya siwezi kupendekeza makala ichapishwe."

Niliyasoma nikiwa nimesimama juu ya ngazi ya duka, maana ndipo mtandao unapofika. Nikatukana kwa lugha zote nilizo nazo. Kisha nikatuma ujumbe kwa Hilaire, tukutane kijijini Kingi kwa Mama Béata, haraka.

Hilaire ndiye mwandishi mwenzangu. Ni mtu wa Mpofi, wa ukoo wa wawindaji. Siku za masomo anafundisha Kiingereza sekondari, likizo anaingia porini kutafuta asali. Jumapili anasoma somo kanisani kwa sauti nzuri, na kila akivuna anaacha asali ya kwanza juu ya jani kwa ajili ya babu zake. Padri anajua. Padri anapenda asali. Kiingereza cha makala ni cha Hilaire, kwa hiyo njiani kote, nikiwa nyuma ya moto na matope yakinirukia, nilikuwa namtukana yeye. Nilisema moyoni, huyu anawafundisha watoto wa watu?

Mama Béata yeye ni mwenye ng'ombe. Anauza maziwa Masisi-centre, na ng'ombe wake ndio tuliowatibu. Aliowaleta kwangu niliwajua mmoja mmoja. Waliobaki kule juu malishoni ni wangapi, anajua yeye na Mungu wake. Tuliketi jikoni kwake, kuni zikitutoa machozi, akatupatia maziwa ya kuganda, nami nikatandaza makala juu ya magoti.

"Hilaire," nikasema, "leo tunarudilia bihusishi yote. Moja moja. Unajua 'in'?"

"Dada Solange, ile najua tangu niko mutoto."

"Onyesha."

Akachukua kijiko. Akakitia ndani ya kikombe, akasema "in". Akakiweka juu ya kifuniko, akasema "on". Akakipitisha katikati ya vidole vyake viwili kama asali inavyopakwa katikati ya kwato, akasema "between". Akakifunga kwa kona ya kitenge cha Mama Béata, akasema "under the bandage". Mama Béata alimnyang'anya kitenge na kumuuliza kama kwao Mpofi hawana vitambaa vyao.

Nikachukua kalamu nyekundu nikaanza kupiga mistari chini ya kila kihusishi kibaya, ukurasa kwa ukurasa. Nilipomaliza nikaona jambo ambalo Msomaji wa Pili, pamoja na kahawa yake yote, hakuliona. Sehemu ya vidonda ilikuwa safi kabisa. Asali iliwekwa "in" pale palipo na shimo, "on" pale palipo na mkwaruzo, "at" pale ukwato unapokutana na ngozi. Hapakuwa na mstari mwekundu hata mmoja. Mistari yote ilikuwa imejazana mahali pawili tu: pale panaposema asali imetoka wapi, na pale panaposema ng'ombe ni wangapi.

Nikaweka kalamu chini.

"Hilaire. Asali inavunwa 'towards Mpofi' namna gani? Muntu anatembea, inamwangukia?"

Akajikuna shingo. "Inawezekana."

"Haiwezekani!"

"Ku pori mambo mingi inawezekana, Dada."

Mama Béata akacheka mpaka akakohoa. Nikamgeukia yeye. "Na weye Mama, ngombe ya mbele na ya nyuma njo nini?"

"Njo vile ziko. Kuko ya mbele, kuko ya nyuma."

"Ziko ngapi yote pamoja?"

Kicheko kikakatika. "Mana we! Solange, unataka ngombe yangu ikufe?"

Hapo nikaelewa nimefika wapi. Nilikuwa nimeandika makala ya sayansi na mwindaji asiyesema mahali, pamoja na mfugaji asiyesema idadi. Kwa kina Mama Béata ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo. Ukitaja idadi umeiita hasara, na hasara ikisikia inakuja kuhakikisha. Na Hilaire alikuwa amemtafsiria maneno yake kwa uaminifu mtupu. Vihusishi vilikuwa vizuri. Waliokuwa wananikwepa walikuwa wanadamu.

Nilikasirika, na nilisema. Niliwaambia kwamba wao wanalinda siri zao na mimi ndiye nitakayezeeka nikiuza dawa ya kupe. Niliwaambia Profesa Esdras ameshaanza kufungasha vitabu. Niliwaambia kuhusu kuku. Sauti yangu ilipanda, kisha ikavunjika, jambo ambalo sikulipanga na lililonitia aibu mbele ya mtu anayefundisha sekondari. Hilaire alitazama ndani ya kikombe chake. Mama Béata alisimama, akafunga kitenge vizuri, akasema ng'ombe wanarudi, tutoke nje.

Tulisimama kwenye mlango wa zizi. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka mlimani na ng'ombe walikuja nao, wakipita mmoja mmoja kwa sababu mlango ni mwembamba. Mama Béata akasema bila kunitazama:

"Mi sihesabu. Lakini majina, kila siku naita. Kuita jina haiko kuhesabu."

Akaanza. Bihogo. Gaju. Bugondo. Gouverneur, ambaye ni dume na anasukuma wenzake. Visa, aliyezaliwa siku mtoto wa jirani aliponyimwa visa. Réseau, yaani mtandao, ng'ombe mweusi anayeonekana na kupotea. Kila aliyeitwa aligeuza sikio. Nami mkono wangu ulikuwa ndani ya mfuko wa koti na kidole kilikuwa kinafanya kazi yake, na Mama Béata, kila nilipohangaika kidogo na mfuko, aliona vizuri zaidi kutazama upande wa barabara. Alipomaliza alifunga zizi na kunipangusia ukungu usoni kama mtoto.

"Usiniambie," akasema. "Chochote umepata, ukae nayo."

Makala yangu ina jedwali la majina. Gouverneur yumo, mstari wa nne, ukwato wa nyuma kulia, amepona.

Tuliporudi ndani Hilaire hakuwa anatania tena. Mama Béata alipika ugali na sombe, Hilaire akala kidogo, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe stylo."

Nikampa. Akavuta ukurasa, akafuta "around, beyond and towards", akaandika "in" kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni, na baada yake akaandika jina la kijito, jina la kilima, na upande wa kijito. Alipomaliza alirudisha kifuniko cha kalamu taratibu, kama mtu anayefunga chupa ya dawa.

"Iko pale," akasema. "Njo 'in'. Haiko 'towards'."

"Kwa nini hukuandika vile tangu mwanzo?"

"Ju mu kwetu, mwenye kutaja pahali, anapaacha. Babu alimushika Papa ku mukono, akamupeleka. Papa alinishika mi ku mukono. Hakuna mwenye kusema, ata jina. Noko yangu Byamungu, ndugu ya mama yangu, yeye alisema. Alimutajia commerçant moja, muntu ya biashara, tu moja, ju ya urafiki. Bantu balikuja na mashoka, balikata ile miti yote, balitosha asali mara moja. Leo pale kuko mashimo ya kuchimba na maji muchafu. Na Byamungu, kuanzia siku ile, hakuna mwenye kumupeleka ku pori. Banamusalimia bien. Lakini hakuna mwenye kumupeleka."

"Na weye sasa?"

"Mi nitatafuta kwingine," akasema, na akasimama kwenda kulala kwa jirani alikopewa kitanda, kabla sijasema lolote.

Nilirudi Mweso na karatasi ile ndani ya sidiria, maana kwenye vizuizi vya barabarani mikoba hufunguliwa. Dukani nikafunga mlango, nikawaambia wateja nina malaria, nikaandika kila kitu kwenye kompyuta. Majina ya ng'ombe. Idadi. Na ile sentensi: "in", kijito, kilima, upande. Ilikuwa sentensi nzuri. Msomaji wa Pili angeitia mfukoni kwa furaha. Nilipanda ngazi, nikainua simu kutafuta mtandao, nikaupata, na kidole kikasimama.

Sitadanganya kwamba niliwafikiria nyuki. Nilijifikiria mimi. Nilijiona nimevaa lile joho, mama yangu kakaa mbele na kitenge kipya, Esdras anakohoa kabla ya kusoma matokeo. Nilikuwa naitaka sana ile siku, na kilichonitia hasira ni kwamba Hilaire alikuwa amenipa. Angekataa, ningepigana naye, ningemtukana mbele ya Mama Béata, ningemchukia kwa raha yangu. Yeye alinipa tu, akaenda kulala. Jarida lile linasomwa na kila mtu mwenye simu. Hata mwenye shoka ana simu. Kitu chenyewe nilichopewa kilikuwa cha babu yake na cha mtoto wake, na mimi nilikuwa napokea kwa mikono miwili ili nisiandike habari za kuku.

Nikashuka ngazi. Nikafuta kijito, nikafuta kilima, nikafuta upande. Karatasi ya Hilaire nikaitia kwenye jiko la makaa, chini ya sufuria ya maharage. Kisha nikamwandikia Msomaji wa Pili barua, kwa Kiingereza changu mwenyewe, bila msaada:

"Bwana ao Bibi. Idadi ya ng'ombe hii hapa, na majina yao. Kuhusu asali: ilivunwa ndani ya msitu, katika territoire ya Walikale. Mmoja wetu anajua ni wapi, na anapajua vizuri kuliko wewe unavyojua nyumbani kwako. Zaidi ya hapo hatutasema, kwa sababu kwao anayepataja anapapoteza, na waliopataja zamani walipoteza na miti. Kama sayansi haiwezi kuvumilia hilo, basi inirudishe dukani kwangu. Kihusishi tulichochagua ni 'in'."

Nikatuma kabla sijapata akili.

Profesa Esdras alipopata nakala alipiga simu moja kwa moja, hakutuma sauti. "Solange! Umechoma thèse mzima ju ya tundu ya nyuki?"

"Ndiyo, Prof."

"Ndiyo gani? Unajibu ndiyo?"

"Sina lingine, Prof."

Alikata. Nikasikia baadaye kwamba ameshampa mtu rafu zake za vitabu. Majuma yale nilikuwa mtu mbaya. Niliwauzia watu dawa ya minyoo bila kusalimia. Mteja mmoja aliniita Docta nikamwambia aniite Solange, akaogopa, akaenda kununua kwingine. Nilijuta mara nyingi, nalisema waziwazi: asubuhi nilijuta, mchana nikaona nilifanya sawa, jioni nikajuta tena. Hilaire sikumwambia kitu. Alidhani jina la kijito chake liko njiani kuelekea Ulaya, na alikuwa ameshaanza kutembea upande mwingine wa pori, peke yake, akitafuta.

Jibu lilikuja siku ya soko. Nilikuwa juu ya ngazi nikiwa na chupa ya dawa ya kuogeshea mkononi. Msomaji wa Pili, aliyekuwa ameandika ukurasa mzima kuhusu "towards", safari hii aliandika mistari michache:

"Nimesoma maelezo ya waandishi. Mimi nina mahali ninapookota uyoga kila mwaka, msituni. Nilionyeshwa na bibi yangu. Nimeolewa zamani sana, na mume wangu hapajui. Amewahi kunifuata, nikampeleka ziwani. Waandike 'in a forest' na waishie hapo. Ninapendekeza makala ichapishwe."

Halafu, kwa kuwa hakuweza kujizuia, alisahihisha vihusishi vinne ndani ya barua yangu.

Nilikaa kwenye ngazi. Nilicheka kwanza, kisha nikalia, na mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi mbele ya duka alipanda kuniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, nitavaa joho. Nikampigia Esdras, akasema itabidi arudishiwe rafu zake. Nikampigia Hilaire. Simu yake ilipatikana kwa bahati, alikuwa amepanda kilima cha shule.

Nikamwambia yote. Kwamba kijito hakikwenda popote. Kwamba karatasi iliivisha maharage. Nikasikia upepo na watoto wakicheza mpira. Nikamsomea maneno ya Msomaji wa Pili, nikiyageuza kwa Kiswahili, pamoja na mume na ziwa.

"Uyo mama," Hilaire akasema, na sauti yake haikuwa sawa. "Uyoga yake iko wapi?"

"Hajasema."

"Ata inchi gani?"

"Ata."

"Akikuja Congo," akasema, "mi mwenyewe nitamushika ku mukono, nitamupeleka."

Nikamuuliza: "Na mi?"

Mpira ulipigwa kule kilimani, watoto wakashangilia. Hilaire akawangoja wanyamaze.

"Weye, Dada, kisha kumaliza soutenance. Simu unaacha ku nyumba."

Nikamwambia hata viatu nitaviacha.